Mizani ya Shairi na Mizani ya Mwili

Neno mizani lina kazi mbili katika Kiswahili. Kwa mtunzi ni hesabu ya silabi, nane kwa nane, ambayo ikipungua shairi huitwa guni. Kwa mwenye duka ni chombo cha kupimia mchele na sukari, upande mmoja jiwe na upande wa pili bidhaa. Wapenzi wa ushairi wa pwani wamekuwa wakali sana kwa mizani ya kwanza. Hapana baraza ambalo mshororo wa mizani kumi na tano utapita salama. Lakini ushairi huo huo una mizani ya pili ambayo haijakaguliwa kwa ukali kama huo: ile inayopimia miili ya watu, ikasema huyu kanona na yule kakonda, ikampa wa kwanza sifa na wa pili pole. Inafaa mizani hiyo nayo iulizwe jiwe lake limetoka wapi.

Pa kuanzia ni lugha yenyewe, kwa kuwa mtunzi huchota humo. Mswahili anapotaka kusema kwa heshima kwamba mtu ni mnene, husema "ana mwili" au "ana afya". Aliyeongezeka huambiwa kanawiri, neno lenye asili ya nuru. Au katononoka, au kajaa. Aliyepungua huambiwa kafubaa, kasinyaa, kadhoofu, na mara hufuatwa na suala: "Una nini?" Maneno haya hayataji kiasi cha kilo. Yanataja hali. Kunawiri ni kazi ya taa yenye mafuta, kusinyaa ni kazi ya jani lililokosa maji, na kufubaa ni kazi ya nguo iliyofuliwa mara nyingi. Kwa hiyo anayesema "umenawiri" hausomi mwili peke yake. Anausoma mwili kama waraka wa habari za nyumbani: kama chakula kipo, kama mume anajali, kama watoto wanaleta, kama moyo umetulia.

Yapo pia maneno ya upande wa dhihaka: bonge, tipwatipwa, kimbaumbau. Mwenye kuyasikiliza kwa makini yanapotumika atagundua kwamba hayagawiwi sawasawa. Umbo moja lina majina mawili kwa kadiri ya mfuko. Tumbo la mwenye cheo huitwa kitambi na husemwa kwa tabasamu; tumbo kama hilo kwa mchukuzi wa bandarini husemwa kuwa ni ulafi. Mke wa tajiri aliyenenepa kajaa. Muuza mihogo aliyenenepa ni bonge. Na wembamba nao una tabaka zake: kwa msichana wa skuli aliyetoka nyumba yenye uwezo ni madaha, kwa mvuvi ni dhiki. Mizani inayobadili hesabu kwa kumtazama mnunuzi usoni ni mizani ya udanganyifu, na mtunzi anayeiazima bila ya kuikagua huuza kwa udanganyifu ule ule.

Mwili unaosifiwa

Ushairi wa kumsifu mwanamke kwa viungo vyake ni mkongwe sana katika pwani hii. Utumbuizo wa Mwana Manga, unaonasibishwa na Fumo Liyongo, ni kielelezo chake mashuhuri: jicho la mtunzi humtembelea mwana kiungo baada ya kiungo, na kila kiungo hupata tashbihi yake. Fani hii imerithiwa na vizazi vya watunzi, ikaingia katika nyimbo za harusi na baadaye katika taarabu. Wahakiki wameisifu kwa wingi wa taswira, na wamefanya haki. Kilichoachwa bila ya kuulizwa ni masharti ya taswira hizo. Mkono usio na sugu ni mkono ambao haujatwanga. Ngozi iliyotakata ni ngozi ambayo haijashinda juani ikipalilia au ikikusanya chaza. Mwendo wa maringo ni mwendo wa asiyebeba mtungi kichwani. Mwana anayesifiwa ni mwana wa ndani, na kila sifa yake ina kivuli cha mtu mwengine aliyetwanga, aliyepalilia na aliyeteka maji ili sifa hiyo iwezekane.

Desturi ya kumtawisha mwanamwali kabla ya harusi ilifuata kanuni hiyo hiyo. Bi harusi aliwekwa ndani, akasingwa kwa liwa, akalishwa vizuri, akaepushwa na jua na kazi. Alipotolewa, waalikwa waliona mwili ambao kwa siku hizo chache uliishi maisha ya tabaka la juu, hata kama wazee wake walikuwa wakulima. Unono wake ulikuwa tangazo: nyumba hii inaweza kumweka mtu bila ya kazi na akala akashiba.

Wapo watunzi wa kale walioijua mizani hii vizuri. Mwana Kupona binti Msham, alipomtungia bintiye utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, aliweka ndani yake mafunzo ya kujipamba na kujinadhifisha, na pia nasaha ya kutochangamana na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Mambo hayo mawili husomwa mbali mbali, la kwanza kama mapenzi ya mama na la pili kama athari ya zama. Yasomwe pamoja. Mwili uliopambwa na mpaka wa tabaka ni somo moja: bintiye Mwana Kupona anafunzwa kuonekana kuwa yeye ni nani, na kuonekana huko kunahitaji awepo mwengine asiyeonekana hivyo.

Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir naye alikwenda mbali zaidi. Katika Al-Inkishafi aliyatazama magofu ya Pate, nyumba zilizokuwa na taa na vidaka vya vyombo vya kaure, akauliza wako wapi wenyewe. Jibu lake ni kaburi, na humo miili iliyolelewa kwa starehe haina jina tena ila la riziki ya wadudu. Aghalabu utendi huo husomwa kama mawaidha ya dini, na ndivyo ulivyo. Lakini ndani ya mawaidha hayo mna uhakiki wa sifa: unono uliosifiwa ukumbini ulikuwa wa kuazima, na kuzimu hakuna mizani ya kilo.

Mkate wa wishwa

Kisa kinachoeleza jambo hili vizuri kuliko vyote kimo katika utendi wa Liyongo alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Liyongo yumo gerezani. Mama yake humpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi hukinyakua kila kilicho kizuri. Liyongo anampa Saada ujumbe kwa njia ya wimbo: mama afanye mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Walinzi wanauona mkate, wanaudharau, wanauacha upite. Kwa tupa hiyo Liyongo anakata pingu zake.

Kisa hiki husimuliwa kwa ajili ya werevu wa shujaa. Kinafaa kisomwe pia kama mafunzo ya namna chakula kinavyosomwa. Walinzi hawakuupima mkate kwa lishe wala kwa uzito. Waliupima kwa tabaka la mlaji. Wishwa ni chakula cha mnyonge, na wao walijiona wamepanda daraja. Dharau ndiyo iliyowafumba macho, na aliyelijua hilo mapema ni mfungwa na kijakazi, kwa sababu wanaodharauliwa huijua dharau kuliko wenye kudharau.

Linalostaajabisha ni kwamba wishwa ule umebadili daraja. Kwa miaka mingi unga mweupe wa sembe ulikuwa alama ya mjini na ya uwezo, na dona, unga usiokobolewa, ulikuwa wa shamba na wa mabweni. Leo daktari humwamrisha mwenye sukari na presha arejee kwenye dona, na mkate wa ngano isiyokobolewa huuzwa katika maduka ya kiyoyozi kwa bei ya juu kuliko mkate mweupe. Muhogo wa kuchemsha, uliokuwa haya kumwekea mgeni, sasa huliwa asubuhi na wenye nafasi kwa ajili ya siha. Chakula ni kile kile. Kilichogeuka ni nani anakila na kwa nini.

Mwili nao umegeuzwa maana kwa namna hiyo. Mwaka 1989 wataalamu wawili wa Marekani, Jeffery Sobal na Albert Stunkard, walikusanya tafiti 144 zilizochapishwa kuhusu tabaka na unene. Waliona kwamba katika nchi tajiri wanawake wa tabaka la chini ndio waliokuwa wanene zaidi, na katika nchi maskini wanawake wa tabaka la juu ndio waliokuwa wanene zaidi. Sababu haiko mbali. Palipo na uhaba, mwenye nacho hunenepa na asiye nacho hukonda. Ukishuka bei mno wanga, sukari na mafuta, na vikapanda bei samaki, matunda na wakati wa kutembea, basi wembamba ndio unaokuwa ghali. Katika miji ya visiwa na mwambao hali hizo mbili zimekutana mtaa mmoja: mwenye gari anatembea jioni kwa amri ya daktari, na mchukuzi anapita pembeni yake akisukuma gari la mkono, akitamani mwili ule ambao mwenzake anaukimbia. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, ndivyo ilivyosemwa. Sasa hata shibe za watu wawili hazijuani.

Aliyeshika utepe

Ingefikiriwa kuwa pakiwekwa kipimo cha kisayansi dhuluma ya mizani itaondoka. Historia ya kanda hii inaonya. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe kwa mtawala Rumanika, katika nchi ambayo sasa ni ya Tanzania. Huko wanawake wa ukoo wa kitawala walinoneshwa kwa maziwa, na mgeni huyo akamwomba shemeji wa mtawala ampime mkono, kifua na paja kwa utepe. Vipimo hivyo vikachapishwa katika kitabu chake mwaka 1863, wasomaji wa London wakavisoma kama kioja. Katika Karagwe ule mwili ulisema: hapa pana ng'ombe wengi na amani. Katika London ulisema: huko ni ushenzi. Utepe ulikuwa mmoja na inchi zilikuwa sahihi. Kilichotofautiana ni tabaka na nchi ya msomaji.

Hata hesabu inayotumika leo hospitalini, ya kugawa kilo kwa mraba wa urefu wa mtu kwa mita, haikuzaliwa kwa ajili ya mgonjwa. Mbelgiji Adolphe Quetelet aliibuni katika karne ya 19 akitafuta sura ya mtu wa wastani. Mwaka 1972 Ancel Keys na wenzake waliipendekeza kwa madaktari baada ya kuchunguza wanaume wa nchi kadhaa. Kipimo hicho kina manufaa, na mwenye kupuuza presha na sukari kwa jina la utamaduni hujidhuru. Lakini kusema "umezidi 25" ni mwanzo tu wa mazungumzo. Anayeambiwa huisikia nambari hiyo kwa sikio la maisha yake.

Sikio hilo lina kumbukumbu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchele, unga na sukari vilikuwa vya mgao Unguja na Pemba, na foleni zake bado zimo vinywani mwa wazee. Bibi aliyesimama katika foleni hizo, anapomwambia mjukuu "umenenepa, mashaallah", hapingani na daktari. Anashukuru. Anayetaka kumgeuza rai bibi huyo kwa bango la picha ya tumbo lenye mkasi, bila ya kuitaja foleni, anampa jibu la suala ambalo yeye hakuliuliza.

Kukonda kama hukumu

Kisha likaja jambo lililoutia wembamba mauti. Mwaka 1983 wagonjwa wa mwanzo wa UKIMWI Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera, ambako watu waliupa ugonjwa jina la Juliana. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, uliitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba, na jina hilo likaingia hadi katika jarida la kitabibu la Lancet mwaka 1985. Watunzi wakaitwa kuhamasisha, na waliitika: tenzi, ngonjera, nyimbo za skuli na za vikundi. Katika nyingi ya tungo hizo taswira ilikuwa moja: mbavu za kuhesabika, mashavu yaliyobonyea, nguo inayopwaya.

Nia ilikuwa njema, na uhakiki hauna budi kukiri hivyo. Lakini fani ina matokeo ambayo nia haiyajui. Taswira hiyo iliufundisha umma kusoma kukonda kama hukumu na unene kama cheti cha usalama. Ilikuwa ni kosa la kitabibu, kwa sababu mwenye virusi anaweza kukaa miaka na mwili wake ukiwa umejaa. Ilikuwa pia ni dhuluma ya kitabaka, kwa sababu waliokonda kwa njaa, kwa kifua kikuu au kwa kazi walitiwa katika shutuma moja. Athari zake hazikuishia hapa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu wahudumu wa afya wa jamii katika kitongoji cha watu weusi huko Cape Town uliwakuta wanawake waliojua madhara ya unene, na bado waliuogopa wembamba kwa vile majirani wangesema ni ugonjwa. Tangu mpango wa serikali wa kutoa bure dawa za kufubaza virusi uanze Tanzania mwaka 2004, wengi waliokonda wamerudi wakanawiri, na taswira ile ya tenzi imepitwa na ukweli. Hata hivyo bado hukaririwa. Shairi likishazoeleka huwa gumu kufutika kuliko bango.

Mizani mpya, jiwe lile lile

Upepo sasa umegeuka. Katika mipasho ya taarabu ya kisasa, na katika tungo zinazosambazwa kwa simu, unene ambao zamani ulisifiwa umekuwa silaha ya kumtukania mke mwenza, na "figa namba nane" imechukua nafasi ya tashbihi za mwezi na mnazi. Wapo wanaolisifu geuko hili kama usasa. Wengine wanalilaumu kama kuiga. Pande zote mbili zinaangalia mwili na kuliacha jiwe la mizani.

Kisiwa chengine kina la kufundisha. Televisheni ilifika katika mkoa wa Nadroga, Fiji, mwaka 1995, mahali ambapo mwili mkubwa ulikuwa dalili ya kutunzwa na jamaa. Miaka mitatu baadaye, mtafiti Anne Becker aliwakuta asilimia 74 ya wasichana wa skuli aliowahoji wakisema kuwa angalau mara moja moja wanajiona wanene mno. Baadhi yao walieleza kuwa waliuhusisha wembamba na kazi na maisha ya wale waliowaona kwenye kioo. Walichokitamani kilikuwa daraja, na mwili ulikuwa ngazi yake. Ndivyo ilivyo kwa kijana wa pwani anayetunga leo kumsifu mwembamba kwa kumkejeli mnene: anadhani amevunja jadi, na kumbe ameifuata neno kwa neno. Jadi ilisifu mwili wa mwenye nacho. Naye anasifu mwili wa mwenye nacho. Kilichobadilika ni mwenye nacho wa leo anavyoonekana.

Kwa upande wa pili wapo walioikataa mizani hiyo, na mkubwa wao hakuwa mwandishi. Siti binti Saad alizaliwa Fumba mwaka 1880, katika familia yenye asili ya utumwa, akapewa jina la Mtumwa. Aliuza vyungu mjini kabla ya kuimba, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurikodi santuri za Kiswahili, miongoni mwa wa mwanzo kufanya hivyo. Wapinzani walimkejeli kwa sura yake. Kejeli hiyo haikuhusu sura. Ilihusu Fumba, vyungu na jina la Mtumwa, nayo ilivalishwa sura kwa kuwa kuutukana mwili wa mtu ni rahisi kuliko kukiri kuwa umechukizwa na maendeleo yake. Siti alijibu kwa wimbo na akalipeleka shindano mahali pengine: katika akili, sauti na tabia. Bi Kidude naye, aliyefariki mwaka 2013, alisimama katika majukwaa ya dunia na mwili mkavu wa kikongwe, na hapana aliyesema kwamba kakonda. Sauti ilikuwa imejaza ukumbi.

Kazi ya mtunzi

Itasemwa kuwa sifa ni mchezo, kwamba mubalagha ni haki ya mshairi na mapenzi hayaandikiwi kwa kilo wala kwa takwimu. Ni kweli. Hapana anayetaka shairi la mapenzi ligeuzwe kuwa cheti cha hospitali. Linalotakiwa ni dogo kuliko hilo na gumu zaidi: mtunzi anapouweka mwili katika mizani, aioneshe na ghala ya chakula. Shafi Adam Shafi alilifanya hilo katika riwaya ya Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978. Mwili wa Kijakazi, uliochakazwa na kazi za nyumba ya bwana, na mwili wa Fuad, uliolelewa bila ya kazi, vimewekwa pande mbili za mizani moja, na msomaji anaona kuwa mmoja umepungua kwa sababu wa pili umeongezeka. Nathari imelisema hilo kwa uwazi. Ushairi wa sifa, ambao una umri mkubwa zaidi na wapenzi wengi zaidi, bado unadaiwa.

Deni hilo si la adabu tu. Mwanamke anayekataa kupungua kwa kuogopa uvumi anaweza kupofushwa na sukari. Binti anayejinyima chakula kwa ajili ya umbo aliloliona kwenye simu anaweza kuzirai darasani. Mchukuzi anayekiona kitambi kuwa ni heshima atakinunua kwa soda na chipsi pindi atakapopata fedha. Wote watatu wamefunzwa kuusoma mwili, na sehemu ya mafunzo hayo wameyapata kwa vina. Mtunzi wa pwani hukubali kurudia ubeti mara kumi ili silabi moja ikae mahali pake. Mizani ile nyengine, iliyobeba afya na heshima za watu, inastahiki angalau marudio mawili.